Ubora wa usingizi

Ubora wa usingizi ni namna usingizi unavyomtosheleza mtu: anachukua muda gani kupitiwa nao, anazinduka mara ngapi usiku, na anaamka na nguvu kiasi gani. Si sawa na urefu wa usingizi, maana mtu huweza kukaa kitandani saa 8 akaamka mchovu. Usingizi mbovu huandamana na shinikizo la juu la damu, kisukari, unene, maradhi ya moyo, sonona na wasiwasi.

Upimaji

Dodoso linalotumika zaidi lilitungwa na Daniel Buysse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, likachapishwa mwaka 1989. Huuliza habari za mwezi uliopita katika vipengele 7, vikiwemo dawa za usingizi na kusinzia mchana. Alama ni 0 hadi 21. Anayezidi 5 huhesabiwa kuwa halali vizuri. Vipimo vya vifaa havilingani daima na kuridhika kwa mlalaji. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, walionekana kuzindukazinduka mno, lakini wenyewe hawakulalamika.

Afya ya mwili

Jaribio lenye uzito wa pekee ni la Sheldon Cohen, lililochapishwa mwaka 2009. Watu 153 wenye afya waliripoti usingizi wao kwa siku 14, kisha wakatiwa puani matone yenye virusi vya mafua na kutengwa. Waliokuwa wakilala chini ya saa 7 waliugua karibu mara 3 kuliko waliolala saa 8 au zaidi. Waliokuwa macho kwa zaidi ya asilimia 8 ya muda wao kitandani waliugua mara 5 na nusu kuliko wale waliolala asilimia 98 au zaidi ya muda huo. Hapa ndipo ubora ulipoupita urefu waziwazi, na inasikitisha kwamba ushauri mwingi wa afya bado huishia kwenye kuhesabu saa.

Hata hivyo, urefu nao una uzito wake. Kabla ya jaribio hilo, mwaka 1999, Karine Spiegel, Rachel Leproult na Eve Van Cauter wa Chicago waliwalaza vijana 11 wa kiume saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo. Ingawa walikuwa wazima kabisa, miili yao ilianza kushindwa kuondoa sukari kwenye damu kwa kasi ya kawaida.

Afya ya akili

Zamani kukosa usingizi kulichukuliwa kuwa dalili tu ya sonona. Leo huhesabiwa pia miongoni mwa visababishi vyake. Mwaka 2017 Daniel Freeman wa Oxford alichapisha jaribio la wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu vya Uingereza waliokuwa na shida ya usingizi. Waliopewa tiba ya usingizi kwa njia ya intaneti walilala vizuri zaidi, na hofu za kudhani kwamba watu wanawatakia mabaya zikawapungua.

Tiba

Tiba ya kwanza ni ya kisaikolojia, inayorekebisha mazoea na fikra za kitandani. Vidonge hutolewa kwa muda mfupi. Anayekoroma huku pumzi zikikatika apimwe hospitalini.