Homa Ikishakwenda Zake

Wazee wa pwani yetu walikuwa na jina la ugonjwa ambalo vijana wa leo hulisikia redioni tu pale homa ya dengue inapozuka Dar es Salaam, kama ilivyozuka mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Jina lenyewe ni kidinga popo. Daktari mmoja Mskochi, James Christie, aliyekuwa akiishi Unguja mwaka 1870, aliliandika kidinga pepo, akaeleza kuwa maana yake ni mkakamao wa ghafla unaomkamata mtu kwa nguvu za pepo. Watu wazima wa mjini walimwambia kuwa ugonjwa huo haukuwa mgeni. Walikwisha kuuona ujanani mwao, yapata mwaka 1823.

Unguja ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, ambacho kiliua maelfu ya watu. Kidinga kilikuwa kingine kabisa. Kiliingia karibu kila nyumba lakini hakikujaza makaburi, na kwa mtu anayehesabu makaburi ulikuwa ugonjwa mdogo. Homa ilikaa siku chache ikaondoka. Kilichobaki ni vidole, vifundo vya miguu na magoti, ambavyo viliuma kwa muda mrefu baada ya mgonjwa kuhesabiwa kuwa amepona. Kwa sababu ya maumivu hayo, baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wanaamini kuwa haikuwa dengue hata kidogo, bali ni ule ugonjwa uliokuja kupata jina lake huku huku kwetu, miaka zaidi ya 80 baadaye.

Jina hilo lilitoka kusini, katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ambako homa kali ya viungo ilizuka mwaka 1952 na kuendelea mwaka 1953. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na neno walilolikuta midomoni mwa Wamakonde ndilo linalotumiwa na dunia nzima hivi leo: chikungunya, yaani kile kinachompinda mtu. Katika miaka ya 1970 nilifundisha chuo cha ualimu huko kusini, na nikabahatika kuzungumza na wazee waliopitia masaibu yale. Ajabu ni kwamba hawakuwa na habari nyingi za homa. Walizungumzia mama aliyeshindwa kushika mchi, na mwanamume aliyeinuliwa kitandani kama mtoto. Mmoja aliniambia kuwa kilichomwuma kupita vidole ni kukaa kivulini msimu mzima akiwatazama shemeji zake wanamlimia shamba. Walilima kwa moyo mweupe, alisema, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Mimi huona kuwa majina haya mawili yana heshima ndani yake. Aliyepindwa amepindwa, kila mtu anamwona. Aliyeshikwa na pepo haambiwi mvivu.

Lakini tazama yaliyotokea ng'ambo. Mwaka 1827 homa ya viungo ilipiga kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, na mwaka uliofuata ikawa Cuba. Christie alidhani kuwa neno letu lilivuka bahari pamoja na watumwa. Wapo wanaokubaliana naye na wapo wanaopinga. Iwe itakavyokuwa, huko Karibi wasema Kihispania waliiita dengue, neno ambalo kwao lina maana ya madeko na maringo, na wasema Kiingereza wakaiita homa ya dandy, yaani mtanashati anayetembea kwa kujikaza. Mgonjwa anakwenda amekakamaa kwa kuwa kila hatua inamchoma, na mtazamaji anaona maringo!

Nalijua jambo hili kwa upande wangu, ingawa ugonjwa wangu si ule. Magoti yangu yamesagika, na ni mwaka wa tisa sasa. Hapa Lugoba msiba ukitokea wanaume hukaa mkekani. Mimi nikikaa mkekani siwezi kuinuka ila kwa kunyanyuliwa na watu wawili, kwa hiyo huenda na kiti. Basi nikasikia kwa masikio yangu, nyuma ya turubai: "Mkuu wa chuo hakai chini na sisi." Niliongoza vyuo miaka mingi na nimesemwa mengi, wala sikujali. Hili lilinikaa kifuani wiki nzima, na kwa muda nikawa natuma rambirambi kwa mjukuu badala ya kwenda mwenyewe. Mtu huanza kujitenga hivyo, msiba mmoja mmoja. Saa tisa ya usiku huwa macho nikisikiliza malori ya kokoto yakipanda kuelekea Chalinze, na saa ile mawazo hayaji mazuri.

Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, ikawapata wengi wa wakazi wa mji, kisha ikafika Mombasa, Komoro, na katika mwaka 2005 na 2006 kisiwa cha Réunion, ambako iliwapata watu zaidi ya 200,000. Réunion ina hospitali na watafiti, na safari hii wagonjwa walifuatwa baada ya homa kuondoka. Miaka mitatu baadaye wengi walikuwa bado wanaumwa viungo, na pamoja na maumivu ziliandikwa habari za uchovu na huzuni. Nadhani hapo ndipo waganga wa vitabuni walipomfikia yule mzee wa kivulini.

Nilirudi misibani mwaka juzi, na kiti changu. Sasa kuna viti vinne vya plastiki ukutani, na tunaokalia tunajuana. Tunaulizana habari za usiku kabla ya habari za marehemu.