Ulimi Mweusi: Habari ya Mbwa, Mahindi na Maradhi ya Watu

Mbwa afugwaye nyumbani hana soko wala shamba. Hula kilichobaki katika sufuria ya bwana wake, na endapo chakula cha nyumba hiyo kina upungufu uliofichika, upungufu huo humpata yeye kuliko mtu yeyote, maana mwenye nyumba huenda akabahatika kupata yai kwa jirani au kipande cha nyama siku ya karamu, ilhali mbwa aliyefungwa mnyororo hupewa kile kile asubuhi na jioni. Kwa hiyo maradhi ya tumbo la mbwa aghalabu ni ushahidi juu ya chakula cha watu, na ushahidi huo ulidhihirika mno katika majimbo ya kusini ya Marekani, ambako tangu karne ya 19 wafugaji waliyajua maradhi waliyoyaita ulimi mweusi.

Mnyama huanza kwa kukataa chakula. Hukisogelea kibakuli, akanusa, akageuka. Siku chache baadaye ngozi laini ya ndani ya midomo na mashavu huiva kwa wekundu, kisha huchubuka na kufanya vidonda vinavyooza. Mate mazito yenye uvundo humtiririka mpaka kifuani. Ulimi hugeuka rangi, ukaelekea weusi. Naye huharisha, mara nyingi damu, hukonda hata mbavu zikahesabika, na asipopata msaada hufa. Wengi walidhani ni maradhi ya kuambukiza, wakawatenga mbwa wao na kuchoma majamvi waliyolalia, wala hawakukishuku chakula, kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa mkate wa unga wa mahindi uliobaki mezani pao wenyewe.

Na mezani hapo watu nao walikuwa wakiugua. Wakulima maskini wa pamba, waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, waliishi kwa unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, na asali ya miwa. Na mwanzoni mwa karne ya 20 miongoni mwao yalienea maradhi ya pelagra, yanayobabua ngozi ya mikono na shingo mahali palipopigwa na jua, yakaharisha, na mwishowe yakavuruga akili. Ulaya iliyajua zamani, kwani tabibu Gaspar Casal aliyaona kwa wakulima wa Asturias, Hispania, mwaka 1735, baada ya mahindi kutoka Amerika kuwa chakula cha maskini huko. Ajabu ni kwamba wenyeji wa Meksiko, waliokula mahindi tangu enzi na enzi, hawakusumbuliwa nayo. Wao huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Mbegu ilivuka bahari, lakini ada ya kuipika haikuvuka nayo, na watu walilipa gharama ya usahaulifu huo kwa muda wa karne mbili. Marekani peke yake, katika miongo minne ya kwanza ya karne ya 20, inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 3 waliugua, na kiasi cha 100,000 walikufa.

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma tabibu Joseph Goldberger kuchunguza maradhi hayo. Alipozuru nyumba za mayatima na hospitali za wenye maradhi ya akili aliona jambo lililokuwa wazi machoni pa kila mtu, nalo ni kwamba wagonjwa walijaa pelagra huku wauguzi waliokaa nao usiku na mchana hawaipati hata mmoja. Mwaka 1915, katika shamba la gereza moja huko Mississippi, wafungwa waliojitolea kwa ahadi ya msamaha walilishwa chakula cha nafaka kisicho nyama wala maziwa, na baada ya miezi kadhaa baadhi yao wakaonyesha dalili zake. Wapinzani hawakusadiki, na ndipo mwaka uliofuata yeye na wenziwe kadhaa walipojidunga damu ya wagonjwa na kumeza uchafu wao, na mkewe naye akadungwa damu hiyo, wasidhurike. Ushujaa wa namna hiyo ni haba, na haustahili kusahauliwa.

Lakini binadamu hawezi kulishwa vibaya makusudi mara kwa mara, na hapo mbwa aliingia katika elimu. Chittenden na Underhill wa chuo cha Yale walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1917 kwamba mbwa akilishwa njegere zilizochemshwa, biskuti na mafuta ya mbegu za pamba hupata vidonda vya kinywa. Goldberger na mwenzake Wheeler wakatambua kuwa huo ndio ulimi mweusi wa wafugaji, na kwamba asili yake ni moja na pelagra. Mbwa wao walipochoka na uji ule ule wakaukataa, walitiliwa hamira ya pombe ili wapate hamu ya kula, na waliotiliwa hamira hawakuugua. Hivyo dawa nafuu ilipatikana kwa kubembeleza tumbo la mnyama. Mafuriko ya mto Mississippi yalipoharibu mashamba mwaka 1927, hamira iligawiwa kwa waathirika, nayo iliokoa wengi.

Goldberger alifariki mwaka 1929, kabla ya kujulikana hamira hiyo ina nini. Jawabu lilitoka Wisconsin mwaka 1937, pale Conrad Elvehjem na wenziwe walipompa mbwa mwenye ulimi mweusi miligramu 30 tu za asidi ya nikotini, ambayo leo huitwa niasini, naye akarudia kula upesi mno. Miezi michache baadaye matabibu walikuwa wakiwaponya watu kwa dawa hiyo hiyo.

Huku kwetu mahindi yaliletwa na Wareno, yakawa ugali wa kila siku, na mbwa wa ulinzi katika nyumba nyingi hupewa ukoko wa ugali na maji ya mchuzi. Aliye huru hujisaidia kwa panya na mabaki ya machinjioni. Aliyefungwa hana hila. Waislamu wa mwambao hukua wakisikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki, na hakika paka ana haki zaidi ya kuogopewa hivyo, kwa kuwa mwili wake, tofauti na wa mbwa, karibu hauwezi kabisa kujitengenezea niasini kutokana na protini. Sharti aipate katika nyama au samaki. Wapo wanaodhani kubadili sembe kwa dona kunatosha. Dona ni bora, lakini niasini ya hindi imefungwa ndani ya punje, na pasipo chokaa tumbo hupata sehemu ndogo tu. Kinachomfaa mbwa wa ugali ni konzi ya dagaa waliochemshwa, au maini, au karanga zilizopondwa, kila siku. Karanga zina nguvu hiyo hata kwa watu: mwaka 1990, mgawo wa karanga ulipokatika katika kambi za wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra.