Daraja Lililoondolewa na Barafu Iliyopasuka: Ardhi na Shujaa wa Taifa katika Filamu za Kihistoria

Filamu ya kihistoria huhakikiwa mara nyingi kwa kulinganishwa na kumbukumbu za matukio, kisha makosa yake yakaorodheshwa. Uhakiki wa namna hiyo una manufaa, lakini huishia njiani. Tangu zama za Aristotle imefahamika kwamba mtunzi hafungwi na yaliyotokea. Ebrahim Hussein naye, mintarafu tamthilia yake ya Kinjeketile (1969), alibainisha kwamba mhusika wake mkuu ni zao la ubunifu na asichukuliwe kuwa ndiye Kinjeketile wa historia. Linalostahili kuulizwa ni hili: ukiukaji wa historia unatekeleza kazi gani katika kazi ya sanaa? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kutazama jinsi ardhi ya vita inavyosawiriwa katika filamu mbili: Alexander Nevsky (1938) ya Sergei Eisenstein na Braveheart (1995) ya Mel Gibson.

Mnamo tarehe 11 Septemba 1297, Waskoti wakiongozwa na William Wallace na Andrew Moray waliwashinda Waingereza huko Stirling. Ushindi huo ulitokana na daraja. Waskoti walisubiri kaskazini ya mto Forth hadi sehemu ya jeshi la adui ilipokwisha kuvuka daraja jembamba la mbao, ndipo wakashambulia. Waliovuka walishindwa kurudi, na wenzao wa ng'ambo wakashindwa kuwasaidia. Katika Braveheart hakuna daraja wala mto, na Moray hayumo kabisa. Mapigano yanafanyika kwenye uwanda wazi baada ya hotuba ya Wallace. Kwa hivyo chanzo cha ushindi kimehamishwa: kutoka katika subira, mahali na ushirikiano wa makamanda wawili, hadi katika ujasiri na ufasaha wa mtu mmoja. Taifa limegeuzwa kuwa mwili wa shujaa. Ndiyo sababu mateso ya mwili huo, Wallace anapouawa mwaka 1305, yanapewa nafasi kubwa mwishoni. Ndiyo sababu pia Isabella wa Ufaransa, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa takriban miaka 10 na aliolewa mwaka 1308, anafanywa kubeba mimba ya Wallace: damu ya aliyeshindwa inapandikizwa katika ukoo wa mshindi.

Mwandishi wa mswada wa filamu hiyo, Randall Wallace, alitegemea utungo wa Blind Harry wa karne ya 15, uliotungwa zaidi ya miaka 150 baada ya kifo cha shujaa. Basi filamu imerithi kaida za utendi, ilhali inajidai kuwa historia. Msimulizi wake anatangulia kuwatuhumu wanahistoria wa Uingereza kabla hawajatamka neno. Tuhuma hiyo ni kinga ya kisanaa.

Eisenstein anafuata njia iliyo kinyume. Kuhusu vita vya Ziwa Peipus vya tarehe 5 Aprili 1242, kumbukumbu zenyewe hazikubaliani. Ile ya Novgorod inataja Wajerumani 400 waliouawa na 50 waliotekwa. Ile ya Livonia, iliyoandikwa kishairi, inataja wapiganaji 20 waliouawa na 6 waliotekwa. Hata hivyo, hakuna kati ya hizo mbili inayosimulia kwamba barafu ilipasuka ikawameza wavamizi. Katika filamu barafu inapasuka, na deraya nzito zinawazamisha wenyewe waliozivaa. Ardhi imechagua upande. Hapa shujaa hayuko peke yake: nchi na umma wa Novgorod vinapigana naye.

Lakini nchi hiyo nayo ina mwenye kuisemea. Filamu ilitolewa Moscow wakati Ujerumani ilipokuwa tishio. Ikaondolewa katika kumbi baada ya mkataba wa Agosti 1939 wa kutoshambuliana, na ikarejeshwa baada ya uvamizi wa Juni 1941. Picha zilikuwa zile zile. Aliyebadilika ni adui aliyehitajika. Aidha, Nevsky wa Eisenstein anaukataa mwaliko wa mjumbe wa Wamongolia, ilhali Nevsky wa historia alipata utawala wa Vladimir mwaka 1252 kwa idhini ya Wamongolia hao hao.

Huenda ikadaiwa kwamba watazamaji wanajua kuwa hii ni burudani tu. Dai hilo ni dhaifu. Chama cha SNP kiliitumia Braveheart katika kampeni zake, na kura ya maoni kuhusu bunge la Uskoti ilipigwa tarehe 11 Septemba 1997, miaka 700 kamili tangu vita vya Stirling. Haimaanishi kwamba filamu ndiyo iliyozaa bunge. Inadhihirisha kwamba taswira ya shujaa huingia katika siasa za walio hai.

Ni bayana kwamba filamu hizi, moja kwa kuifuta ardhi na nyingine kwa kuipa uhai, zinakutana katika jambo moja: zote zinaficha mapatano. Moray mshirika ameondolewa, na Nevsky aliyeafikiana na Wamongolia amenyamazishwa. Taifa linalofundishwa kwamba mashujaa wake hawakuhitaji mshirika wala kujadiliana hukosa kielelezo linapolazimika kufanya yote mawili. Mhakiki wa tendi, za maandishi au za picha, ana wajibu wa kuutafuta mto na kuuliza ni nani aliyeliondoa daraja.