Mabaki ya Vita Chini ya Maji ya Mombasa

Chini ya kuta za Ngome ya Yesu, mjini Mombasa, bahari imehifadhi kwa zaidi ya karne tatu mabaki ya merikebu ya vita ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná. Merikebu hiyo ilizama tarehe 20 Oktoba, 1697, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na majeshi ya Oman. Wengi wetu tumezoea kuitazama ngome yenyewe kama shahidi wa vita vile. Lakini shahidi wa pili yumo majini, na ushahidi wake wastahili kusikilizwa darasani.

Yafaa kwanza tukumbuke chanzo cha vita. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593 ili waitawale bandari na biashara ya pwani. Utawala wao uliwachukiza wenyeji wengi. Waomani walipowafukuza Wareno kutoka Maskati mwaka 1650, watu wa Mombasa waliona kuwa wamepata mshirika, wakapeleka ujumbe kuomba msaada. Hatimaye, mwezi Machi 1696, manowari za Imamu Saif bin Sultan zikaingia bandarini. Mji ukatwaliwa, na ngome ikazingirwa kwa muda wa miezi 33, hadi ilipoanguka mwezi Desemba 1698.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba ilikuwa ugomvi wa wageni wawili, Mreno na Mwomani, huku mwenyeji akitazama kando. Usimulizi huo haulingani na mambo yalivyokuwa. Waswahili walikuwamo pande zote mbili, kila kundi kwa sababu zake. Ndani ya ngome Wareno walikuwa wachache, na walinzi wengi walikuwa watu wa pwani, hasa wa Faza, mji uliokuwa na uhasama wa siku nyingi na jirani zake. Tauni ilipoingia ngomeni iliwaua Wareno karibu wote, na kamanda wao akafa mwezi Agosti 1697. Ulinzi ukabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza pamoja na Waafrika wachache, wanaume kwa wanawake. Hao ndio walioishikilia ngome mpaka merikebu za Wareno zilipofika mwezi uliofuata.

Miongoni mwa merikebu hizo ilikuwamo Santo António de Tanná. Ilitia nanga karibu na ngome ili iwasaidie walinzi, lakini kamba zake zikakatika, ikachukuliwa na maji hadi kwenye miamba na kuharibika usukani. Ingawa iliweza kurudishwa chini ya ngome, haikufaa tena kusafiri. Ikazama hapo pamoja na shehena na silaha zilizobaki ndani yake.

Katika miaka ya 1960 wazamiaji waliyagundua mabaki hayo. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yakishirikiana na wataalamu wa akiolojia ya majini kutoka Marekani, yaliendesha uchimbaji rasmi. Vitu vipatavyo 6,000 vilipatikana: mizinga na risasi, vyombo vya kaure kutoka China, mitungi mikubwa ya kuhifadhia vitu, magogo ya mpingo, na vifaa vya mabaharia. Sehemu kubwa ya kiunzi cha merikebu pia ilikutwa imelala chini ya mchanga. Mchanga huo ndio ulioiokoa mbao, kwa sababu wadudu wa baharini watoboao mbao hawaishi pasipo hewa.

Tukivitazama vitu hivi kwa makini, tunaona jambo ambalo barua za makamanda hazikulikusudia. Merikebu ya Mreno haikujengwa Ureno. Iliundwa Bassein, katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, kwa mbao za msaji, ikashushwa majini mwaka 1681. Kaure yake ilitoka China, na mpingo ni mti wa Afrika. Kumbe hata nguvu za Mreno katika bahari yetu zilisimama juu ya misitu, ufundi na bidhaa za watu wa Bahari ya Hindi. Mwanafunzi anayeelewa hivyo hatamwona tena mwenyeji wa pwani kama mtazamaji wa historia iliyotengenezwa na wengine.

Ushahidi wa namna hii una sharti moja. Sufuria iliyolala kando ya mzinga hueleza jambo. Sufuria hiyo hiyo ikiibuliwa na mwenye kutafuta kumbukumbu ya kupamba sebule, huwa bubu. Ndiyo maana wachimbaji walichora na kupima mahali pa kila kitu kabla ya kukiinua. Tena, mbao iliyolowa kwa karne nyingi hupasuka na kujikunja ikianikwa tu. Yahitaji kuondolewa chumvi na kutiwa dawa kwa muda mrefu. Kwa sababu ya uzito wa kazi hiyo, kiunzi cha merikebu hakikuibuliwa. Kilipimwa, kikachorwa, kisha kikaachwa kifunikwe tena na mchanga.

Vitu vilivyotolewa majini vimewekwa katika makumbusho yaliyomo ngomeni, na ngome yenyewe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Walimu wanaowapeleka wanafunzi huko wasiishie kwenye kuta. Wawasimamishe pia upande wa bahari, wawaoneshe mahali merikebu ilipozama, na wawaulize: nani aliikata miti yake, nani aliipakia shehena yake, na nani alikuwa akiingojea ndani ya ngome? Katika kuyajibu maswali hayo watawakuta wazee wetu, ambao majina yao mengi hayakuandikwa, lakini kazi ya mikono yao ingali imelala chini ya maji yale.