Masikio ya Nakasero

Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin wa Uganda, ilikuja kuushambulia mji wa Mwanza. Shabaha yake ilikuwa matangi ya mafuta. Makombora yakaukosa mji, yakaangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa. Watu wa Igogo, mtaa wa ufukoni usio mbali na kisiwa hicho, walisalimika.

Vita vile vilikuwa na sababu nyingi. Mojawapo ni namna Amin alivyotawala tangu alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwaka huo huo aliunda idara ya upelelezi, makao yake Nakasero, Kampala, akaiita Idara ya Utafiti ya Taifa, kana kwamba ni nyumba ya wanazuoni! Askari kanzu wake walitambulikana kwa miwani myeusi na mashati ya maua, wala hawakujali. Jasusi wa kawaida hujificha. Hawa walitaka waonekane, ili kila mtu amshuku jirani yake, na mume achunge ulimi mbele ya mtumishi wa nyumbani mwake. Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa ndani ya Mahakama Kuu, asirudi tena.

Kazi iliyobaki ilifanywa na redio. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Kesho yake ikatangazwa kwamba wamekufa kwa ajali ya motokaa. Waliouona mwili wa askofu walikuta matundu ya risasi. Serikali haikuhitaji kusadikiwa. Iliitosha kwamba hakuna aliyethubutu kusimama sokoni akasema kuwa ni uongo.

Wala haifai mtu wa kusini mwa ziwa kujiona safi. Tanganyika ilikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini tangu 1962, na baadaye balozi wa nyumba kumi aliweza kujua ni mgeni wa nani aliyelala wapi. Tofauti baina ya nchi hizi mbili ilikuwa kubwa, tena ya damu. Lakini haikuwa tofauti ya vyombo.

Hata hivyo, masikio yaliyozoezwa kumpelekea mtawala habari za kumpendeza humtia yeye mwenyewe uziwi. Majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, ilitangazwa kwamba nchi ile imetwaliwa kwa dakika 25. Ni nani Kampala angethubutu kumwambia gharama ya dakika hizo? Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na walioingia Nakasero wakakuta maiti, na majalada ya wapelelezi yametapakaa sakafuni.