Kihori cha kuvika

“Mtumbwi wa ngozi juu ya fremu.” Ndivyo lilivyoamua jopo ambalo sitalitaja, kwamba kayaki ya namna ya Greenland iitwe hivyo kwa Kiswahili. Maneno sita, makosa manne.

Mtumbwi huchongwa. Gogo la mwembe hupunguzwa kwa tezo mpaka kibaki chombo. Kayaki ya Greenland, qajaq kwa wenyewe, haikutoka kwenye gogo: ni vijiti vya mbao zilizotupwa ufukweni na bahari, vikafungwa kwa kamba, vikavikwa ngozi ya sili. Anayeiita mtumbwi na aite kikapu kinu, kwa kuwa vyote hutiwa nafaka. Jamaa yake wa karibu kwetu ni mtepe, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, ingawa nao ulikuwa wa mbao tupu.

Fremu ni ya picha ukutani. Sisi tuna kiunzi, kutokana na kuunda, kitenzi cha mafundi wa vyombo kabla hakijatekwa na watu wa kuunda kamati. Na “juu ya”? Ngozi haikukaa juu ya kiunzi kama sufuria juu ya mafiga, imekivaa. Wala siku hizi si ngozi, ni nailoni au poliesta.

Ndiyo maana nikapendekeza kihori cha kuvika. Hori ni chombo chetu kidogo cha siku nyingi, Waarabu wakikiita huri. Ki- inakipunguza uzito. Kuvika kunabeba maana mbili, kwani mpiga kafi naye hujifunga vazi kiunoni, likabana mdomo wa tundu alilokalia, maji yasipate njia. Nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba hori ni chombo cha kulishia ng’ombe. Ni kweli. Na kaa ni mnyama wa pwani na ni la moto pia, wala sijasikia mtu aliyetia la moto kwenye mchuzi.

Kuna mwenzangu mmoja, msomi, anayetaka zile mbao zilizopinda za kiunzi ziitwe “mbavu” badala ya mataruma. Aende Lamu akawaulize mafundi.

Kwa anayetaka kukiunda: urefu kama pima tatu zako mwenyewe, upana nyonga na ngumi mbili, anza na kingo za juu, si mkuku kama jahazi, mataruma yapindwe kwa mvuke, yafungwe kwa uzi, shona poliesta, ikaze kwa pasi, paka rangi. Kilo 12 hadi 15, unakibeba begani.

Wingi ni vihori vya kuvika. Natamka herufi moja moja kwa sababu jopo, katika barua yao ya kunikatalia, waliandika kihoro cha kuvika, na mke wangu alipoisoma akanipa pole.