Kinundu Kwenye Ulimi na Safari ya Kukipa Jina

Kwa karne nyingi waganga walitambua kansa kwa macho na vidole tu. Wagiriki wa kale waliipa jina la kaa, maana mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe iliwakumbusha miguu ya kaa. Lakini jicho halitoshi. Kinundu cha kwenye ulimi kinaweza kuwa kovu la kujiuma, au mate yaliyoziba, au vile vipele vya nyuma ya ulimi ambavyo kila mtu anavyo ila hajawahi kuviangalia. Na kinaweza kuwa kansa. Kwa nje mara nyingi vinafanana kabisa.

Naandika haya kwa sababu mimi mwenyewe nina kinundu upande wa kushoto wa ulimi, kikubwa kama punje ya mahindi. Hakiumi. Hapa Nyarugusu kila mtu ana jina la kukipa. Jirani mmoja alisema ni kimeo, nitafute mtu wa kukikata. Jamani, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, siyo ulimi, na wembe wa kienyeji umeshawamwaga watu damu nyingi. Mwingine akasema nimerogwa. Mama mkubwa alisema tu: "Mwanangu, nenda kwa munganga." Nikaenda.

Katika kungoja majibu nimesoma sana habari za Ulysses Grant. Huyu ndiye jenerali aliyeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani mwaka 1865, kisha akawa rais kuanzia 1869 hadi 1877. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Kiangazi cha 1884 alikula tunda la pichi, akasikia maumivu makali kooni. Daktari mmoja alimwangalia, akamshauri amwone daktari wake wa siku zote. Huyo alikuwa safarini Ulaya, basi Grant akangoja mpaka Oktoba. Ndipo daktari John Douglas akaona uvimbe kwenye shina la ulimi. Grant aliuliza kama ni kansa. Daktari hakulitamka neno lile moja kwa moja. Alisema ugonjwa ni mzito, na kwamba mara nyingine unapona.

Kipande cha nyama hakikuwekwa chini ya hadubini mpaka mwanzoni mwa 1885. Hapo jina likathibitishwa: kansa. Wapasuaji waliona hakuna tena cha kukata. Grant alikuwa amefilisika, akatumia miezi iliyobaki kuandika kumbukumbu zake ili mke wake asibaki maskini. Alimaliza kitabu siku chache kabla ya kufa, tarehe 23 Julai 1885.

Njia ya kupata jibu la uhakika ilikuwa bado changa wakati ule. Mwaka 1858, huko Berlin, Rudolf Virchow alifundisha kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine, na kwamba ugonjwa utafutwe humo ndani. Mwaka 1879 Mfaransa Ernest Besnier akaupa jina ule utaratibu wa kukata kipande kidogo kutoka kwa mtu aliye hai ili kukichunguza: biopsi. Hadi leo ndiyo njia inayoamua.

Na mimi nimepita njia hiyohiyo. Daktari wa kambi alinipapasa shingo, akauliza kama navuta tumbaku, akauliza ni wiki ngapi. Akaandika barua ya rufaa. Nikangoja kibali cha kutoka kambini, kisha gari. Hospitalini wakanichoma ganzi, wakakata kipande, wakashona nyuzi mbili. Sasa ni wiki ya tano. Kila nikiuliza naambiwa, "Subiri, utaitwa." Hakuna anayejua kuniambia sampuli iko wapi: bado iko hospitalini, iko barabarani, au imeshafika maabara.

Hilo ndilo nataka wafanyakazi wa mashirika walielewe. Kungoja tumekuzoea, wengine tunangoja tangu 1996. Kinachokula usingizi ni kutojua unangoja nini. Mwandikieni mgonjwa kwenye kadi yake: sampuli imeondoka tarehe fulani, imekwenda mahali fulani, aulizwe mtu fulani. Ni mistari mitatu ya kalamu.

Na kwenu majirani: kinundu au kidonda cha mdomoni kikizidi wiki tatu bila kupona, kiwe kinauma au hakiumi, msikipe jina nyumbani. Mara nyingi si kansa. Kama ni kansa, ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi, na yule jenerali alifikiwa na hadubini akiwa amechelewa. Ulizeni mambo matatu: mnafikiri ni nini, kipimo gani kitathibitisha, na jibu nilifuate wapi.

Jumatatu narudi dispensari na kadi yangu, kuuliza hilo la tatu.